Uzi: Mfungaji wetu ana −9, asiyefunga ana +47. Niamini daftari ama macho?

#1 KochaMbale
Habari wana kikapu. Mimi nasaidia ukocha timu ya mtaa hapa Mbale, vijana wa kazi na wanafunzi wamechanganyika. Mwezi uliopita tulicheza mashindano ya mechi sita nikaamua kushika daftari, kila sabu naandika dakika na skoa, nani ameingia nani ametoka, usiku nikifika nyumbani najumlisha: fulani akiwa ndani tumefunga ngapi na tumefungwa ngapi. Plas-mainasi basi, ile ile iko kwenye karatasi za FIBA.

Sasa matokeo. Namba 11 wetu ndiye mfungaji, karibu pointi 18 kila mechi, watu wanakuja uwanjani kwa ajili yake, jumla ya mechi zote ana −9. Namba 5, kijana mrefu mkimya, pointi 4 kwa mechi, asisti karibu hakuna, ana +47. Nimerudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea. Nikaonyesha kamati, mwenyekiti akaniuliza kama nataka kumfukuza namba 11. Kapteni naye anasema namba 5 aanze kila mechi. Hii namba inapima thamani ya mtu kweli ama inapima kitu kingine? Wiki ijayo Jumamosi kuna mechi na lazima nipange kikosi.

#2 Senta_Mstaafu
Kocha, mimi nimecheza miaka kumi na mbili chini ya ringi na sijawahi kuona karatasi ikiziba mtu. Namba 11 anafunga 18, mtoe uone hizo 18 zitatoka wapi. Macho yako yanakwambia nini? Amini hayo.

#3 NtindaHoops
Mzee Senta, lakini macho yanafuata mpira. Ukikaa pale uwanjani Lugogo hebu jichunguze, unamwangalia mwenye mpira muda wote, wale wanne wengine huwaoni kabisa. Plas-mainasi ilitengenezwa kwa ajili ya hao wanne. Ilianzia kwenye magongo ya barafu, Montreal Canadiens walikuwa wanaihesabu tangu miaka ya 1950, NBA wakaja kuiweka rasmi kwenye boksi-skoa (karatasi ya takwimu za mechi) msimu wa 2007-08. Uzuri wake haiulizi umefanya nini, inauliza tu skoa ilisogea wapi ulipokuwa ndani. Skrini nzuri (kusimama njiani kumzuia mkabaji wa mwenzako), kumziba mtu ili mwenzako achukue ribaundi (mpira uliokosa ringi), kupiga kelele kwenye difensi, vyote vinaingia bila mtu kuviandika.

Ubaya wake ni huo huo. Kila mmoja wa wale watano anapewa alama ile ile. Mwenzako akifunga pointi tatu kutoka katikati ya uwanja na wewe umesimama kwenye kona unafunga kamba za viatu, wewe pia +3.

#4 MwalimuHesabu
Kocha hongera kwa daftari, kazi hiyo wengi hawaiwezi. Nafundisha hesabu sekondari na hii mada naipenda sana kwahiyo mnivumilie nitakuwa mrefu.

Chukulia unatuma mtoto sokoni kila siku kwenye kibanda kile kile. Ananunua nyanya, vitunguu, mafuta, chumvi, na muuzaji anamtajia jumla tu, bei ya kitu kimoja kimoja hasemi. Leo jumla ni elfu nane, kesho elfu sita. Wewe nyumbani unataka kujua kitunguu ni bei gani. Kwa siku moja haiwezekani. Lakini kwa siku mia mbili, na kila siku mchanganyiko umebadilika kidogo, unaweza kukaa na kalamu ukapata bei za kila kitu ambazo zinalingana vizuri na zile jumla zote. Hesabu hiyo inaitwa rigreshoni. Plas-mainasi ya kawaida ni jumla ya siku. Plas-mainasi iliyorekebishwa ndiyo ile ya kutafuta bei, na humo unaingiza watu wote kumi, wenzako wanne na wapinzani watano.

Wa kwanza kuitumia kazini NBA ni Wayne Winston na Jeff Sagarin, walianza na Dallas Mavericks mwaka 2000 hivi, Mark Cuban alikuwa ndo amenunua timu na Winston alishamfundisha chuoni Indiana. Alafu 2004 Dan Rosenbaum akaandika njia yenyewe hadharani watu wote wakaiona.

Sasa tatizo. Kama kila siku mtoto ananunua nyanya na vitunguu pamoja, hujawahi kununua kimoja bila kingine, hutajua bei yake hata ukikusanya risiti za miaka mitano. Wachezaji wawili wanaoingia pamoja na kutoka pamoja, hesabu haiwezi kuwatenganisha, inaweza kumpa mmoja +15 na mwingine −12 na jumla bado ikawa sawa. Ndiyo maana 2010 Joe Sill akaleta ile wanaita RAPM, inaongeza sharti moja: kama huna ushahidi wa kutosha, kila bei ivutwe kuelekea wastani. Anayetaka kusogea mbali na sifuri lazima alete posesheni nyingi, yaani zamu za timu kushika mpira.

Sasa kocha, una mechi sita. NBA wana mechi 82 kwa msimu, kila mechi kila timu inapata posesheni kama 100, na bado watu wa hizo hesabu wanapenda kuunganisha misimu miwili mitatu ndipo namba itulie. Naomba usimfukuze mtu kwa mechi sita.

#5 KochaMbale
Mwalimu asante sana, ya nyanya na vitunguu nimeielewa kabisa. Swali: namba 5 mara nyingi nilimwingiza pamoja na namba 7, gadi wetu anayepiga pasi. Ndiyo hiyo unasema?

#6 MwalimuHesabu
Hiyo hiyo. Rudi kwenye daftari, tenganisha dakika za 5 akiwa na 7 na dakika za 5 bila 7. Ufanye hivyo pia kwa 11.

#7 KijanaArua
Jamani mnajisumbua, si kuna PER ya NBA inaweka kila kitu pamoja, pointi, ribaundi, asisti, stili (kupora mpira), unapata namba moja. Chukua PER ya vijana wako ukamaliza. Ama BPM, hiyo ndo inaangalia skoa kila sabu.

#8 NtindaHoops
Ndugu yangu wa Arua, PER sio ya NBA, ni ya John Hollinger, alikuwa mwandishi kabla Memphis Grizzlies hawajamchukua kazini 2012. Wastani wa ligi umepangwa uwe 15. Shida yake inaona tu kilichoandikwa kwenye boksi-skoa, difensi karibu ni stili na bloku (kuzuia mtupo) basi, alafu anayerusha sana PER inaweza kumpandisha hata kama halengi vizuri. Namba 11 wa Mbale angependa PER sana.

Na BPM umegeuza. BPM haiangalii sabu hata kidogo, ni ya Daniel Myers, anachukua boksi-skoa na matokeo ya jumla ya timu tu, anakisia kutoka hapo mchezaji wa aina hii kwa kawaida huwa anaisogezea timu pointi ngapi kwa posesheni 100 juu ya mchezaji wa wastani. Sifuri ni wastani, −2 ni mtu unayeweza kumwokota popote. Kwasababu inatumia hizo peke yake ndo maana wanaweza kuirudisha nyuma mpaka msimu wa 1973-74, hapo ndipo NBA walianza kuandika stili na bloku. RAPM hairudi huko, inataka rekodi ya kila tukio uwanjani.

#9 KijanaArua
Sawa nimekubali kurekebishwa. Lakini tuambieni basi ipi ni ya kweli, mbona ziko kumi.

#10 GadiJinja
Ziko kumi kwasababu hakuna iliyoshinda. Mfano ambao mimi huwa natoa ni Russell Westbrook wa Oklahoma City 2016-17. Triple-double 42 (kumi na zaidi kwenye pointi, ribaundi na asisti mechi moja), wastani wa msimu mzima triple-double, MVP, yaani mchezaji bora wa msimu. BPM ya wakati ule ilimpandisha juu kuliko msimu wa mtu yeyote aliyewahi kupimwa nayo. Myers mwenyewe akaona kuna kasoro, 2020 akaleta toleo jipya la BPM na msimu ule ukashuka sana. Mchezaji hajabadilika, mechi ni zile zile, kilichobadilika ni fomula. Sasa mtu aliyekuwa anabishana 2017 akisema BPM inathibitisha, leo anasema nini?

Na tukumbuke ribaundi zile. Steven Adams, senta wao, alikuwa anamziba senta wa wapinzani anamsukuma huko, Westbrook anakuja anachukua mpira mwepesi anakimbia nao. Boksi-skoa inaandika Westbrook 1, Adams 0.

#11 Senta_Mstaafu
Gadi umenigusa hapo kwa Adams. Mimi nilifanya kazi hiyo miaka yote. Mechi nzima mbavu zinauma, magazeti kesho yake yanaandika gadi kachukua ribaundi tisa. Basi kama hiyo plas-mainasi inahesabu mambo ya Adams nitaanza kuisikiliza kidogo.

#12 NtindaHoops
Karibu upande wetu mzee 😄

#13 Senta_Mstaafu
Nimesema kidogo.

#14 MamaRibaundi
Habari zenu. Mimi bado nacheza, fowadi, ligi ya wanawake daraja la chini, na nina kisa ambacho hakikubali hesabu ya mwalimu kirahisi. Msimu mmoja kocha wetu alikuwa ananiingiza tukiwa tumeshazidi pointi 20 ama tumezidiwa 20. Zile dakika za mwisho mpinzani ameshaingiza watoto wa benchi, kila mtu anarusha ovyo. Plas-mainasi yangu ilikuwa nzuri sana. Msimu uliofuata nikaanza, nikawa nakaba fowadi bora wa kila timu, namba ikashuka chini ya sifuri. Nilikuwa nacheza vizuri zaidi mwaka wa pili, wenzangu wote wanajua hivyo, mpaka leo naumia nikikumbuka kikao ambapo mtu alinisomea ile karatasi kama vile ni hukumu.

Kwahiyo namba inapima wewe pamoja na kazi uliyopewa. Mtu aliyepewa kazi nyepesi akaifanya vizuri atang'aa. Ukimpa nzito hujui atafanya nini.

#15 MwalimuHesabu
Pole sana dada. RAPM ingesahihisha sehemu, kwasababu ingejua uliokuwa unacheza nao ni watoto wa benchi. Lakini sehemu ya pili uko sahihi kabisa na nakubali: hakuna hesabu inayojua mtu angefanya nini kwenye kazi ambayo hajawahi kupewa. Shane Battier pale Houston ni mfano. Pointi chache, ribaundi chache, lakini uongozi wa Daryl Morey ulimthamini mno kwasababu akiwa ndani timu ilikuwa bora, alikuwa anamsukuma mtu kama Kobe Bryant kwenye zile sehemu ambazo halengi vizuri. Baadaye akachukua ubingwa Miami 2012 na 2013. Sasa mpe Battier kazi ya kupika mashambulizi yote ya timu, ile thamani inapotea. Namba yake ilikuwa kweli, ila ndani ya kazi ile.

#16 Afande_Bombo
Salaam. Nasoma kimya toka mwanzo. Kuna jambo hamjagusa, bahati. Wapinzani wakirusha pointi tatu 30 ukiwa uwanjani, wakapata 6 badala ya 10, hizo ni pointi 12 umepewa zawadi. Unaweza kuwa ulikaba vizuri, unaweza kuwa hukukaba kabisa ukabahatika. Mitupo huru ndiyo inaonyesha wazi, hakuna mtu anakaba mtupo huru, lakini mpinzani akikosa yote miwili wewe plas-mainasi yako inapona. Kwenye mechi sita hiyo peke yake inaweza kumpa mtu +20 ya uongo.

#17 GadiJinja
Afande umeongea. Kuna watu NBA wanarekebisha hiyo, badala ya matokeo halisi ya mitupo huru wanaweka wastani wa mrushaji.

#18 KijanaArua
Mimi nauliza kuhusu Jokić, senta wa Denver. Watu wanasema akitoka Denver inaanguka, akirudi inapaa, kwahiyo yeye ndiye bora duniani. Si ni hesabu hiyo hiyo ya daftari?

#19 NtindaHoops
Hiyo ni ya ndani toa nje, timu akiwepo toa timu asipokuwepo. Jokić mimi sibishani naye, MVP 2021, 2022, 2024, mtu aliyechaguliwa wa 41 kwenye drafti (timu zikichagua chipukizi) mwaka 2014, na kila fomula iwe ya boksi ama ya sabu inamweka juu. Lakini ile tofauti ina pande mbili na upande wa pili sio wake. Denver kwa miaka kadhaa senta wa akiba alikuwa dhaifu. Ukiwa na mwenzako mzuri benchi tofauti yako inapungua bila wewe kukosea chochote, ukiwa na mbaya inaongezeka. Mchezaji huyo huyo.

#20 MamaRibaundi
Kwahiyo ukitaka namba nzuri omba Mungu anayekupokea awe mbovu. Nimecheka lakini ndivyo ilivyo.

#21 BusiaMpakani
Ssebo NtindaHoops hapo kwa Denver nakataa nusu. Usimtoe mtu sifa kwasababu benchi ni mbovu. Kama kikosi kimejengwa vyote vipitie kwake, pasi, kukata, muda wa kurusha, akitoka lazima kianguke hata umlete senta mzuri, kwasababu wale wanne wamezoea yeye. Hiyo kuanguka ni sehemu ya thamani yake ama ni udhaifu wa mpango wa kocha? Mimi nasema thamani.

#22 GadiJinja
Mimi nasema mpango wa kocha.

#23 BusiaMpakani
Basi tutabishana mpaka Denver wacheze bila yeye msimu mzima.

#24 Senta_Mstaafu
Mwalimu, ile yako ya soko nimeifikiria usiku kucha nina pingamizi. Sokoni nyanya ni elfu moja hata ukiinunua na chumvi ama bila chumvi. Timu haiko hivyo. Timu ni mchuzi. Chumvi peke yake hailiwi, ukiikosa kwenye mchuzi wote mnakunja uso. Gadi wa pasi bila mtu wa kumalizia ni nini? Mrushaji bila skrini? Hesabu yako inajumlisha bei, mimi nakwambia ladha haijumlishwi.

#25 MwalimuHesabu
Mzee hapo umenishika. Ni kweli, RAPM inachukulia kila mtu ana bei yake na bei zinajumlishwa tu. Wanaojaribu kupima wawili wawili ama watano watano kwa pamoja wanaishiwa data upesi, maana watano wale wale hawachezi dakika nyingi vile. Ndiyo njia panda yenyewe, ukitaka ladha huna data, ukitaka data unapata bei.

#26 Afande_Bombo
Na wale wanaochanganya boksi na sabu? ESPN walikuwa na RPM, Engelmann na Ilardi 2014. Tovuti ya takwimu ya FiveThirtyEight wakaleta RAPTOR 2019 ikatumia mpaka kamera zinazofuata wachezaji, zile ziliwekwa viwanja vyote vya NBA kuanzia 2013-14. Siku hizi watu wanataja EPM na DARKO. Wazo ni moja, unaanza na makisio kutoka kwa kinachoonekana, alafu sabu inakusahihisha.

#27 NtindaHoops
Na RAPTOR imeshafungwa afande, 2023 waliacha. Hapo ndo uone, mtu alijenga hoja zake zote juu ya namba na mwenye namba akafunga duka.

#28 KijanaArua
Tuje nyumbani kidogo. Kigali 2021 AfroBasket, Silverbacks, timu yetu ya taifa Uganda, tuliwatoa Nigeria tukafika nusu fainali, ile timu ungeipima kwa boksi-skoa ungesema Nigeria wanatumaliza asubuhi na mapema.

#29 GadiJinja
Robo fainali sio nusu. Nigeria tuliwatoa kweli, banange siku ile Jinja hatukulala, lakini robo tukafungwa na Cape Verde.

#30 KijanaArua
Robo, sawa. Furaha ilinipandisha hatua moja.

#31 MamaRibaundi
Ishmail Wainright alikuwepo kwenye ile timu na mwaka huo huo Phoenix Suns wakamchukua. Hakwenda kule kuwa mfungaji, alikwenda na mwili, difensi na kurusha tatu kutoka kona. Hapo nadhani kuna mtu pale Phoenix aliangalia zaidi ya pointi. Kama ni namba ama ni macho sijui, lakini kwetu mchezaji wa aina hiyo anakaa benchi mpaka anaacha mpira, tunalilia wafungaji tu. Hili jambo linaniuma.

#32 Senta_Mstaafu
Dada hapo tuko pamoja asilimia mia.

#33 BusiaMpakani
Samahani natoka nje ya mada, hivi mashindano ya mtaa nani anaandika sabu? Kwetu meza ina mtu mmoja, anashika saa, anaandika faulo na anapokea simu ya mkewe. Mimi sina imani na daftari lolote.

#34 KochaMbale
Ndugu wa Busia mimi nilikaa na daftari langu mwenyewe, kocha mkuu ndiye alikuwa anapigia wachezaji kelele. Kuna sabu mbili tatu nilizikosa nikazijaza baadaye kwa kuuliza wachezaji.

Sasa nimefanya alivyosema mwalimu #6. Namba 5 akiwa na 7: +44. Bila 7: +3. Namba 11 akiwa na 7: +21. Bila 7: −30. Namba 7 mwenyewe jumla +52. Nimekaa nimeangalia hizi namba chai ikapoa. Kumbe mtu tuliyekuwa hatumjadili hata kidogo ndiye huyu 7? Kamati wala haijamtaja.

#35 NtindaHoops
Haya sasa! Namba 11 akiachwa peke yake na mpira anarusha na watu wawili mgongoni, 7 akiwepo anapokea akiwa wazi.

#36 GadiJinja
Ama kocha akimtoa 7 anatoa na wengine wazuri pamoja naye, kipindi cha kupumzisha kikosi, na 11 anabaki kubeba benchi. Hapo −30 sio yake, ni ya benchi.

#37 Afande_Bombo
Kocha hebu tuambie, mechi zote sita zilikuwa na wapinzani sawa?

#38 KochaMbale
La. Mechi ya nne tulicheza na wanafunzi, wadogo sana, tuliwashinda kwa pointi 38. Siku hiyo namba 11 hakuwepo, alikuwa msibani Soroti. Namba 5 alipata +26 siku hiyo moja.

#39 Afande_Bombo
Basi ondoa. Namba 5 anabaki na +21 kwa mechi tano, na 11 hajawahi kupata nafasi ya kula kwenye sherehe ile. Mlitaka kumhukumu kijana kwa kwenda msibani.

#40 KochaMbale
Afande umenitoa jasho. Nimempigia mwenyekiti simu saa hii hii kumweleza.

#41 MwalimuHesabu
Vizuri sana afande. Lakini hata baada ya kuondoa, 11 bado yuko −9 na 5 yuko +21, kitu kipo, ukubwa wake ndio hatuujui. Kocha ukiweza, Jumamosi wape 11 na 5 dakika pamoja bila 7. Hiyo mchanganyiko karibu huna kwenye daftari, na bila hiyo tunazunguka.

#42 Senta_Mstaafu
Mwalimu mechi sio maabara, watu wanataka kushinda. Kama unajua 7 ndiye injini unamtoaje kwa ajili ya daftari?

#43 MwalimuHesabu
Lazima apumzike mzee, hakuna anayecheza dakika 40. Nasema tu akipumzika, mchague kwa makusudi nani anabaki.

#44 MamaRibaundi
Kocha mimi niko Tororo, sio mbali. Jumamosi sina mechi nakuja kushika daftari la pili, niandike yale ambayo hayaandikwi: nani alimziba nani, nani aliita skrini kwa sauti, tatu zipi za wapinzani zilirushwa mtu akiwa wazi na zipi usoni mwa mkabaji. Nitunzie kiti tu upande wenye kivuli.

#45 KochaMbale
Kiti kipo dada, na rolex mbili, zile chapati za mayai.

#46 KochaMbale
Nimerudi. Tumeshinda 61–54. Kota ya pili nzima 7 alikaa benchi, 11 na 5 wakabaki pamoja. Kota hiyo tulifunga 14 wakafunga 15. Namba 11 alifunga 9 kati ya hizo.

#47 GadiJinja
−1 bila injini, dhidi ya timu nzima. Mimi naona 11 ameshasafishwa.

#48 Afande_Bombo
Dakika kumi gadi. Tatu zao walikosa ngapi?

#49 MamaRibaundi
Walirusha tatu saba kota hiyo wakapata moja. Nne kati ya hizo mrushaji alikuwa wazi kabisa, hakuna mkono mbele yake. Kwahiyo afande ile −1 mimi nadhani tuliponea.

Lakini kuna jingine. Namba 5 alimwekea 11 skrini kumi na moja kota ile, nilihesabu moja moja. 11 alizitumia nne. Nyingine alikuwa ameshaondoka upande wa pili kabla 5 hajasimama vizuri, hawasikilizani, 5 haongei. Akiwepo 7 yeye ndiye anapiga kelele "subiri".

#50 Senta_Mstaafu
Dada hiyo safu ya skrini iongezwe kwenye daftari kabisa. Kocha, mlete huyo namba 5 kwangu akija Kampala, nitamfundisha kufungua mdomo.

#51 KochaMbale
Atakuja mzee, ana shangazi Wandegeya, nitamwambia apite pale YMCA jioni. Mwalimu nakutumia picha za kurasa zote usiku huu, kurasa ya kumi na nne imeingia mvua kidogo lakini inasomeka.